Kibandiko cha Mama wa Osieko

Jumamosi hiyo tulikuwa watano sebuleni kwangu, hapa Burumba, na nitawataja jinsi tulivyokaa. Karibu na dirisha, kwenye kiti chake cha mikono, alikuwa mume wangu. Ubavuni pake, kwenye kigoda, mjukuu wetu wa kike, mtoto wa binti yetu wa tatu; anasomea mambo ya kompyuta kule Alupe na analala kwetu kwa sababu ni karibu. Kwenye kochi alikuwa mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, aliyefika asubuhi kutoka Nairobi na begi kubwa lisilo na kitu ndani. Kando yake, mjane wa mdogo wake mume wangu, anayeuza vitenge Malaba. Mimi na yeye tuliolewa boma moja, tukapika jiko moja, tukagombana na kupatana mara nyingi, kwa hiyo hapa nitamwita mwenzangu. Wa tano ni mimi, na mimi sikukaa sana, nilikuwa na chai jikoni.

Alikuwapo na wa sita, ila huyo tulishamzika zamani. Ni mama yangu mzazi. Jina lake ndilo lililotusumbua siku hiyo.

Majina yao wote ninayo, ya kanisani na ya nyumbani, na jina la marehemu ambaye kila mmoja alirithishwa jina lake. Watu wakitaka kujua nani alikuwa kwenye harusi fulani wanakuja kwangu, na mimi huanzia kwa wapishi. Lakini hapa sitaandika jina la mtu. Mume wangu mwenyewe sijamwita kwa jina tangu anioe. Yeye ni Baba wa fulani, na huyo fulani ni huyu wa begi. Sasa nianze leo, uzeeni, kumwaga majina ya watu kwenye karatasi? Ukifika mbele utaona kwa nini nasema hivi.

Mume wangu alikuwa mtu wa maneno. Ujana wake wote aliendesha baiskeli pale Malaba, akivusha watu na mizigo kutoka geti letu hadi geti la Uganda, na mtu wa kazi hiyo asipojua kuongea hapati abiria. Mjukuu alipohamia kwetu alianza kumrekodi kwa simu. Jioni wanakaa, Kuka, yaani babu yake, anasimulia habari za mtu mmoja: leo mama yake, kesho mdogo wake aliyefia ziwani, kesho kutwa rafiki yake wa Tororo aliyekuwa akibadilisha pesa. Mjukuu anachukua sauti hiyo anaichapa kwenye kompyuta, kila mtu na faili yake.

Halafu kiharusi kikaja. Kilimkuta akifunga kamba za viatu. Kikachukua mkono wa kulia, na mguu nusu, na maneno yote isipokuwa moja. Neno lililobaki ni "basi". Akitaka maji ni basi, akikasirika ni basi, mgeni akibisha hodi ni basi. Mimi nilijifunza kuyatofautisha kwa sauti, kama vile mama anavyojifunza kilio cha mtoto, lakini wengine walisikia basi tu.

Mjukuu hakuacha. Aliniambia mimi Kukhu wake, yaani bibi yake, "Kukhu, kama yeye hawezi kunisimulia tena, nitamsomea mimi yale aliyonisimulia." Akawa anaweka kompyuta kwenye stuli mbele yake, anafungua zile faili, na jioni zetu zikarudi kidogo.

Sasa nieleze ile kompyuta, maana hata mimi ilibidi nielezwe. Mahali anapochapia ni ukurasa mweusi usio na mapambo. Juu kabisa kuna mstari, na kila faili iliyofunguliwa ina kibandiko chake kwenye mstari huo, vimepangwa kama sahani kabatini. Ukitaka mtu fulani, unabonyeza kibandiko chake, habari zake zinatokea.

Shida ilikuwa kwamba mjukuu alizipa faili zote jina linaloanza "Kumbukumbu za". Vibandiko ni vidogo. Kwa hiyo kila kimoja kilisema "Kumbukumbu za" kisha nukta nukta, na mtu mwenyewe hakuonekana. Alimwuliza Kuka, "Leo tumsome nani?" na mzee akatazama ule mstari, akanitazama mimi, akasema basi, ile ya kuchoka.

"Mbona wote ni mtu mmoja?" nikamwuliza mjukuu.

"Si mmoja, Kukhu. Ni vile hapa juu majina yamekatwa."

"Basi badilisha."

"Nikibadilisha jina la faili yenyewe nitavuruga kitu kingine, kuna mahali nimeziorodhesha kwa majina hayo. Lakini naweza kubadilisha kinachoonekana. Faili inabaki na jina lake, ila kibandiko kinasema kile ninachotaka."

Aliingia kwenye mipangilio, akachapa mistari michache, na yale maneno ya mbele yakaondoka kwenye vibandiko vyote kwa mpigo. Yakabaki majina ya watu. Mume wangu aliinua mkono wake wa kushoto, mkono ambao haukuwahi kufanya kazi ya maana, akanyoosha kidole kwenye jina la mdogo wake. Mjukuu akabonyeza, akasoma. Tangu siku hiyo mzee alikuwa akichagua mwenyewe. Huwezi kujua ilikuwa kitu gani kwangu kumwona anataka kitu na anakipata.

Ndipo mtoto wetu akapiga simu kusema anakuja kumchukua.

Simlaumu. Ni kifungua mimba, na alikuwa ameona baba yake mara moja tu tangu kiharusi, mara ile mbaya ya hospitalini. Alisema ana nyumba Nairobi, ghorofa ya nne, amepata mama wa kumwangalia mzee mchana. Alisema, "Mama, wewe pia umezeeka. Na Baba hajui tena kama yuko Busia au yuko wapi. Kwake itakuwa ni sawa tu."

Nikamwambia anajua. Akasema sawa, kwa sauti ya mtoto anayemhurumia mzazi wake. Nilikaa na simu mkononi nikatazama kile kiti cha dirishani. Mzee amezoea kukaa hapo kwa sababu ya barabara. Wenzake wa zamani wanapita wakimpungia mkono. Ghorofa ya nne angempungia nani?

Mjukuu alinisikia. Akasema, "Mjomba akija, tutamwonyesha. Ataona Kuka anavyochagua." Usiku ule na kesho yake alijiandaa kama mtu anayengoja mtihani. Aliongeza ukubwa wa herufi. Akatengeneza vibandiko viwe vipana, visikate jina hata kidogo. Na akamaliza kuchapa faili moja mpya iliyokuwa imebaki kwenye simu, ya mama yangu, kwa kuwa alijua ndiyo habari inayomchekesha Kuka kuliko zote. Aliniuliza, "Kukhu, mama yako aliitwa nani, majina yote?" Nikampa yote, na la baba yake juu yake, nikiwa na furaha kwamba mama yangu naye ataandikwa. Akaliweka la kwanza kwenye mstari, upande wa kushoto, jina zima kwa herufi kubwa.

Basi Jumamosi ndiyo hiyo. Mwenzangu alikuja na basi la asubuhi kutoka Malaba kwa kuwa nilimwita; nilitaka mtu wa upande wangu. Mtoto wetu aliketi, begi miguuni. Alikuwa amemsalimu baba yake kwa sauti kubwa na polepole, vile watu wanavyowasalimu wageni wa nchi nyingine.

"Mjomba, angalia hapa," mjukuu akasema. "Kuka, leo tumsome nani? Nionyeshe."

Mwenzangu aliinama kutazama, miwani puani. "Na hii 'txt' ni ya ukoo gani? Mbona wote wanayo mwishoni?"

"Hiyo ni aina ya faili, Kukhu mdogo."

"Ah. Nilidhani nimezaa na ukoo nisioujua."

Mtoto wetu alicheka kidogo. Mume wangu hakucheka. Alikuwa ametazama kile kibandiko cha kwanza, halafu akaondoa macho kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu. Akatazama ukutani.

"Kuka?" Mjukuu akasogeza stuli karibu. "Huyu hapa wa kwanza, unamkumbuka? Mwonyeshe mjomba." Na akalisoma lile jina kwa sauti, lote.

Mume wangu akasema basi, kwa haraka, mara mbili. Akavuta kofia yake kwa mkono wa kushoto mpaka ikafunika macho.

Barabarani lori lilikuwa linarudi nyuma likilia tii, tii. Mjukuu alikuwa na kidole juu ya kompyuta na uso wake ulikuwa umeanza kuharibika. "Jana alichagua," akasema. "Mjomba, naapa, jana alichagua mwenyewe."

"Ni sawa," mtoto wetu akasema. "Si makosa yako." Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya upole, na huo upole ndio ulioniumiza. "Mama, unaona? Hataki hata kutazama. Hazijui tena hizo herufi."

Nilisimama na birika mkononi. Nakwambia ukweli, kwa dakika ile nilimwamini. Nilianza kuhesabu moyoni mashati yake, lipi limefuliwa, lipi bado, yataingiaje kwenye lile begi.

Lakini ile kofia. Nilikuwa nimeiona ikishuka vile mahali pengine. Niliitazama tena, nikaona njia ya kwenda kwetu, na mama yangu anatokea kwenye kona na kapu lake, na kijana huyu aliyenioa anaruka kutoka kwenye baiskeli, anaingia kwenye majani hadi kiunoni, anageuka upande na kuvuta kofia ifunike macho mpaka mkwewe apite. Mama naye anavuta leso usoni, anapita upande ule mwingine. Miaka yote walikuwa hivyo, maana kwetu mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kuepukana. Hakumpa mkono, hakula naye chumba kimoja, na jina lake halikuwahi kupita mdomoni mwake. Hata kwenye ile simu, ukisikiliza sauti yake, anasema "yule mama wa Osieko", kwa kuwa mama aliuza samaki kutoka ufukwe wa huko. Jina mjukuu alilipata kwangu. Na mimi nililipita kwenye kompyuta bila kushtuka, maana kwangu huyo ni mama tu.

"Liondoe hilo jina," nikasema.

"Lipi, Kukhu?"

"La mama yangu. Unamwambia mtu amguse mkwewe kwa kidole? Mbele ya watoto?"

Mwenzangu akapiga paja. "Yesu wangu. Na limeandikwa kubwa hivyo kama duka la simiti."

Mjukuu alitazama kompyuta, akamtazama Kuka chini ya kofia yake, na akafunika mdomo. Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Amezaliwa mjini, hata mama wa rafiki yake anamwita shangazi tu. Akauliza, "Sasa niandike nini?"

"Andika alivyomwita yeye."

Akaingia tena kule kwenye mipangilio. Nilisimama nyuma yake nikaona lile jina refu la mama likiondoka juu, na mahali pake pakaandikwa Mama wa Osieko. Faili yenyewe, akanihakikishia, imebaki na jina lake lote, halikuguswa. Hilo lilinipendeza. Ndivyo tulivyoishi naye: jina lake lilikuwapo, kila mtu alilijua, na kila mtu alimwita kwa lile alilostahili kuitwa naye.

"Kuka," mjukuu akasema polepole, "ninaomba radhi. Ameshaondoka. Tazama."

Ilichukua muda. Kofia ilipanda kidogo, jicho moja likatokea, likasoma. Kisha mkono wa kushoto ukainuka, ukanyooka, na kidole kikasimama mbele ya Mama wa Osieko.

"Basi," akasema.

Mtoto wetu alisogea mbele kwenye kochi.

Mjukuu akasoma. Habari yenyewe ni hii, nami niliisikia baada ya mama kuzikwa. Kabla hatujaoana, mume wangu alikuwa ameshatuma wazee kwetu lakini hajamwona mama yangu kwa karibu. Siku moja ya mvua pale Malaba, mwanamke aliyejifunika nailoni tangu kichwani alimsimamisha: kijana, nivushe. Akampandisha nyuma na kapu lake la samaki. Njia ilikuwa mashimo, yule mama akamshika kiuno kwa nguvu. Walipofika geti la pili, mwanamke mwingine akamsalimu yule abiria, akamwita mama wa fulani, na huyo fulani ni mimi. Mume wangu aliacha baiskeli ikaanguka yenyewe, akaruka mtaroni. Mama yangu naye akaelewa, akavuta nailoni usoni. Na kwa kuwa hakuweza kusema na mkwe mtarajiwa, akasema na baiskeli. "Baiskeli," akasema, "asante. Una tandiko zuri. Na mwambie mwenyewe kwamba mimi na wewe hatujaonana leo."

Mume wangu alikuwa anacheka, kwa ule upande wa mdomo unaocheka. Mwenzangu alikuwa anafuta macho. Mjukuu akaendelea, "akalibeba kapu lake la omena, akaenda zake."

"Basi," mzee akasema, kwa ukali. Kidole kikapigapiga hewani.

"Si hivyo, Kuka? Hakwenda?"

"Basi."

"Ni omena," mwenzangu akasema. "Anakataa omena. Mtoto, uliandika omena wewe?"

"Hakusema samaki gani kwenye simu, nikaweka tu omena."

"Shemeji, ilikuwa mbuta?" mwenzangu akauliza. Kidole kikakataa. "Kamongo?" Kikakataa zaidi, na uso ukakunjwa. "Haya, mimi nimemaliza samaki ninaowajua."

"Ngege," mtoto wetu akasema.

Alikuwa ameongea kwa sauti ndogo. Sote tukamgeukia.

"Ngege wa moshi. Mmoja alikuwa mkubwa, mkia wake ulitoka nje ya kapu, ukawa unampiga mgongoni njia nzima. Alidhani ni yule mama anampiga ili aongeze mwendo." Akamtazama baba yake. "Aliniambia nikiwa mdogo, akinipeleka shule kwa hiyo baiskeli. Alisema nisimwambie Mama."

Mume wangu alikuwa ameshageuza kidole. Kilimwelekea mtoto wake, kikabaki hapo. Na ile basi aliyosema, hata wewe msomaji ungeielewa.

"Iandike," mtoto wetu akamwambia mjukuu. "Mkia. Uandike mkia."

Akachapa. Nikaona kitone kidogo kimetokea kando ya Mama wa Osieko, pale juu kwenye kibandiko. Nikauliza ni cha nini. Mjukuu akasema ni kwamba kuna maneno mapya ndani ambayo hayajahifadhiwa.

"Hifadhi basi," mtoto wetu akasema, "unangoja nini?" Kitone kikaondoka.

Hatukuongea juu ya Nairobi mchana huo, wala jioni. Mtoto wetu alikaa kwenye stuli ile iliyokuwa ya kompyuta, akiwa ameweka kompyuta mapajani, na baba yake akimchagulia mtu mmoja baada ya mwingine. Mjukuu akamtania, "Mjomba, na wewe nikufungulie faili yako?"

"Mimi ya nini? Mimi si bado niko."

"Na Kuka naye bado yuko."

Jumapili baada ya kanisa niliingia chumbani nikakuta lile begi limefunguliwa kitandani, nikadhani anapakia mashati ya mzee. Lakini alikuwa nyuma yangu. "Mama," akasema, "unga wa muhogo upo? Nataka kujaza hili, mke wangu atanicheka nikirudi nalo tupu." Nikalijaza unga wa muhogo na mtama, viazi vitamu, na mwenzangu akaongeza kitenge. Lilijaa mpaka zipu ikakataa. Sasa anakuja kila mwisho wa mwezi, na mtu wa kumsaidia mzee kuoga tumempata hapa hapa Burumba, analipwa na yeye.

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Mwenzangu anadai yeye ndiye aliyekuwa karibu na dirisha, na kwamba ni yeye aliyegundua mambo ya jina kabla yangu. Mimi nakumbuka nilivyosema. Labda birika lilikuwa limeshawekwa chini. Labda lori halikulia wakati ule. Kama ulikuwa Malaba enzi zile na ukamwona kijana amembeba mama aliyejifunika nailoni, na ukaona mkia ule ni wa samaki mwingine, usinyamaze. Pita hapa uniambie, mjukuu atafungua, atarekebisha. Ila usilitaje jina la mama ukiwa mlangoni. Sema Mama wa Osieko, na mzee mwenyewe atakuonyesha kwa kidole kama umesema kweli.